"Ziwani" kwa Kiingereza: in, on, at au by?

Kwa Kiswahili ukisema "ziwani" umemaliza. Samaki wako ziwani, wavuvi wako ziwani, watoto wamekwenda ziwani kufua, na shangazi amejenga ziwani. Anayekusikiliza anajua mwenyewe kwamba shangazi hajajenga majini. Kiingereza hakikupi nafasi hiyo. Samaki wako "in the lake", wavuvi wako "on the lake", watoto wako "at the lake", na nyumba ya shangazi iko "by the lake". Vihusishi vinne mahali ambapo sisi tuna silabi moja, -ni, na ukikosea kimoja maana inahama: nyumba iliyo "in the lake" ni nyumba iliyomezwa na maji.

Hapa Mwanza hili si jambo la darasani tu. Vijana wanaotembeza wageni kisiwani Saanane wanalihitaji, akina mama wenye vyumba vya wageni kuanzia Luchelele hadi Kayenze wanalihitaji, na mfanyabiashara wa dagaa anayeandikiana na mnunuzi wa nje analihitaji kuliko wote, kwa sababu kihusishi kimoja kinaweza kumchelewesha mzigo. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao, na kwa mwanafunzi aliyechoka kuambiwa "kariri tu". Yako mafungu ya kukariri, sikatai, lakini sehemu kubwa ina mantiki, na nusu ya mantiki hiyo tayari tunayo.

Anza na yumo na yupo

Ngeli yetu ya mahali ina sura tatu: pa, ku na mu. Ndiyo maana tunasema yupo, yuko na yumo. Sisi wa bara tumezoea kuzichanganya, na kwenye maongezi ya kila siku "kuna" inabeba kila kitu. Hata hivyo sikio bado linazitofautisha. Sukari imo koponi. Fundi yupo mlangoni. Kaka yuko Geita huko, sijui sehemu gani.

Basi kabla hujachagua kihusishi cha Kiingereza, igeuze sentensi yako kichwani. Je, inakubali "humo"? Kama inakubali, jaribu "in" kwanza. Je, inakubali "hapo" tu? Hapo uliza swali la pili. Kama kitu kimekaa juu ya kingine, kimegusana nacho au kimebandikwa juu yake, chukua "on". Kama ni pahali pa kukutania tu, kituo katika safari au pahali penye shughuli fulani, chukua "at". Kama kiko ubavuni mwa kingine, chukua "by". Sura inayosumbua ni iliyobaki, yuko, kwa sababu haisemi ndani wala juu wala pembeni, na Kiingereza hakina kihusishi kinachofanana nayo. Mtu anayefikiri kwa "yuko" analazimika kuamua kwanza, ndipo aseme.

Kipimo hiki kinashindwa kwenye vyombo vya usafiri, nitafika huko. Kwenye ziwa, soko, mtaa na kisiwa kinafanya kazi vizuri sana.

Ziwa na visiwa vyake

"In" ni ya samaki, ya mwogeleaji, na ya visiwa. Hiyo ya visiwa huwakosesha wengi. Kisiwa kinaonekana kimejitokeza juu ya maji, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "on". Lakini kisiwa hakielei; ziwa limekizunguka pande zote, na kuzungukwa ndiyo kazi ya "in". Ukerewe ni "an island in Lake Victoria". Ukishashuka kwenye feri na kukanyaga ardhi, wewe uko "on Ukerewe Island", kwa sababu umesimama juu yake. Ukiitaja kama wilaya, yaani eneo lenye mipaka, unarudi kwenye "in": "in Ukerewe District". Mtu wa Nansio anaweza kusema yote kwa pumzi moja bila kosa: "I live in Nansio, on Ukerewe Island, in Lake Victoria."

Saanane ni vilevile. Ni kisiwa, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Pundamilia unayemwonyesha mgeni yuko "on Saanane Island" na pia yuko "in the national park". Vyote viwili ni sahihi, kwa sababu kimoja kinazungumzia ardhi unayoikanyaga na kingine mipaka inayokuzunguka.

"On" ina kazi mbili ziwani, na ya pili ndiyo ngumu. Ya kwanza ni uso wa maji: boti, mitumbwi, wavuvi, mawimbi. "The fishermen are out on the lake." Ya pili ni ukingo. Kiingereza kinasema "Mwanza is on Lake Victoria", na msomaji wetu anajiuliza mji umekaaje juu ya ziwa. Haujakaa juu yake, umegusana nalo. Kiingereza hutumia "on" kwa kila kilichopangana na mstari: ufukwe, mto, barabara, mpaka wa nchi. Kwa hiyo Bukoba, Musoma, Kisumu na Entebbe zote ziko "on Lake Victoria", duka liko "on Kenyatta Road", na Sirari iko "on the border with Kenya". Ukiona mstari, fikiria "on" kabla ya kitu kingine. Hiyo peke yake itakuokoa mara nyingi.

"At the lake" haijali maji yenyewe, inajali shughuli. "We spent Sunday at the lake" inaweza kuwa mlikula sato wa kuchoma chini ya mwembe na hakuna aliyelowa hata kidole.

"By the lake" ni pembeni, karibu kabisa, pengine unasikia mawimbi. Tofauti yake na "near" ni umbali. "Near" inavumilia kilomita kadhaa, "by" haivumilii. Tena "by" hupenda kitu chenye ukingo au kitu kidogo unachoweza kukaa ubavuni mwake: mto, ziwa, barabara, dirisha, mlango. Miji haiingii humo. Kisesa iko "near Mwanza". Ukisema "by Mwanza" Mwingereza atashangaa kidogo.

Tangazo la vyumba Luchelele

Mama mmoja mwenye vyumba vya wageni Luchelele aliniletea tangazo aliloandika na mwanawe. Lilianza hivi: "Nice rooms in Lake Victoria."

"Mwalimu," akaniambia, "mwanangu anasema niweke on. Jirani anasema by. Nishike la nani?"

"Mama, kati ya geti lako na maji kuna nini?"

"Kuna barabara ya vumbi, halafu mihogo ya jirani, halafu mawe, ndiyo maji."

Jibu lilikuwa kwenye mihogo. Mgeni anayesoma "rooms on the lake" anategemea kiwanja kinachoishia majini, afungue mlango wa nyuma akanyage mchanga. Akifika akakuta shamba la watu katikati, ataona amedanganywa, na atayaandika hayo mahali ambapo wageni wengine watayasoma. "By the lake" inamfaa mama huyu: ziwa unaliona, unalifikia kwa mguu, lakini hujaahidi kwamba kiwanja kinaligusa. Kama ingebidi kupanda daladala, ningemwambia aandike "near". Na kama nyumba ingekuwa mlimani kule Capri Point, pangekuwa na njia bora kuliko zote, "on a hill overlooking the lake".

Tukaishia hapa: "Clean rooms by Lake Victoria, a short walk from the water." Kwa matangazo ya vyumba, ukisitasita kati ya "on" na "by", mimi nakushauri "by".

Mjini, stendi, sokoni

Hapa ushindani ni kati ya "in" na "at", na kinachoamua ni jinsi unavyopatazama mahali. Mahali palepale panaweza kuwa eneo au nukta. Anayeishi Usagara anaishi "in Usagara", maana kwake ni mitaa, majirani na maduka. Dereva wa basi anayepita akielekea Shinyanga husimama "at Usagara", maana kwake ni nukta moja njiani. Hakuna aliyekosea.

Simu ikilia na mtu akauliza uko wapi, nawe upo stendi ya Nyegezi, jibu ni "I'm at Nyegezi bus stand". Wengi husema "in the bus stand", na wanaeleweka, lakini anayekuuliza anataka nukta ya kukupata. Soko la samaki la Kirumba, pale Mwaloni, ni hivyohivyo: "Meet me at the market", lakini "It is hot in the market", kwa sababu joto ni la humo ndani.

Kitenzi cha kufika kina mtego wake. "Arrive" huchukua "in" kwa mji au nchi, na "at" kwa nukta: "arrive in Mwanza", "arrive at the airport". "Arrive to" tunaisikia kila siku, lakini si Kiingereza sanifu. Ukitaka kukwepa uamuzi, tumia "reach", ambayo haichukui kihusishi chochote, kama tunavyosema sisi "nimefika Mwanza".

Nyumba ikitajwa kwa namba, namba hiyo inaigeuza kuwa nukta: duka liko "on Kenyatta Road", lakini "at 12 Kenyatta Road".

Hospitali inastahili uangalifu zaidi, kwa sababu hapo watu hutoa habari nzito. Mama yako akilazwa Bugando, mwandikie mwajiri wako "My mother is in hospital". Waingereza huacha "the", Wamarekani huiweka, maana ni ileile: amelazwa. Ukiandika "My mother is at the hospital", umesema tu kwamba yupo pale. Huenda anafanya kazi, huenda amepeleka chakula kwa mgonjwa. Anayefanya kazi huko husema "I work at Bugando". Kihusishi kimoja kinaweza kuamua kama mwajiri ataelewa uzito wa ombi lako la ruhusa.

La kukariri bila kuuliza sababu: shamba. "On the farm", lakini "in the field". Kwetu yote ni shambani.

Vyombo vya usafiri, mahali ambapo yumo inadanganya

Kiswahili kinasema abiria yumo ndani ya basi. Kiingereza kinasema "on the bus". Kanuni ya Kiingereza ni hii: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on", yaani basi, treni, ndege, feri, meli. Chombo unachoinama kuingia na kukaa ni "in", yaani gari dogo, teksi, bajaji. Bodaboda na baiskeli ni "on" kwa sababu umepanda juu. Daladala ndogo inavunja kanuni: unainama kweli, lakini kwa kuwa ni gari la abiria lenye njia yake, nayo inakwenda na "on".

Majini kanuni inaonekana wazi zaidi. Mvuvi yuko "in a canoe", amekaa ndani ya mtumbwi, mbao zimemzunguka. Abiria wa Bukoba analala usiku mzima "on MV Victoria". Boti ya injini ya kati na kati inakubali yote mawili, na hapo sikupi sheria kwa sababu Waingereza wenyewe hawana.

Hayo ni ya kueleza ulipo. Ukieleza njia uliyotumia kusafiri, chukua "by", na usiweke chochote katikati: "by bus", "by ferry", "by boat". Ukiongeza neno, "by" inakataa. "By my car" haiendi, sema "in my car". "By the ferry" kwa maana ya usafiri haiendi, sema "by ferry" au "on the ferry". Kwa miguu ni "on foot". Mtu wa Sengerema anaweza kueleza mabadiliko ya Kigongo na Busisi hivi: "We used to cross by ferry. Now we drive across the bridge."

By na with: nani alifanya, alishika nini

Chanzo cha shida ni kwamba "kwa" yetu inaweza kuwa "by" au "with", na "na" yetu nayo vilevile. Nimekwenda na dada: "with my sister". Nimeitwa na dada: "by my sister". Ukiona kitenzi kimeishia -wa cha kutendwa, "na" inayofuata ni ya mtenda, nayo huwa "by". Kifaa alichoshika mtenda ni "with".

Tazama uvuvi wa dagaa. Watu hutoka usiku, hasa usiku wa giza lisilo na mbalamwezi, wakiwa na taa za kuvuta dagaa na nyavu za kuwazoa. Kwa Kiingereza: "Dagaa are caught at night, on the lake, by fishermen, with lamps and nets." Kila kihusishi kimeshika kazi yake. Ukiandika "caught by lamps", umeifanya taa kuwa mvuvi. Ukitaka kutaja mwanga badala ya kifaa, "by lamplight" inakubalika kabisa, maana hapo "by" inataja hali ya kazi. Upepo na mawimbi huhesabiwa kama watenda: "The boat was hit by a wave", si "with a wave".

Kisha kuna kuanika, na hapa bei inaingia. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga. Walioanikwa kwenye chanja ni safi zaidi, na mnunuzi anataka kujua ni wapi. "Dried on racks" na "dried on the ground" ni bidhaa mbili tofauti. Zote mbili ni "on", kwa sababu dagaa wamelala juu ya kitu. Juani lakini ni "in the sun", kwa kuwa mwanga umewazunguka. Na njia yenyewe, kuhifadhi kwa kukausha, ni "by drying". Kwa pamoja: "Our dagaa are preserved by drying them on racks in the sun." Sentensi hiyo ningeiweka kwenye kila mfuko.

Kuuza kwa kilo ni "by the kilo", na hapa "the" lazima iwepo. Kwa mkono ni "by hand", haipo.

Hadi Ijumaa: by au until?

Ukiwa na muda wa kujifunza jambo moja tu katika yote haya, jifunze hili. "Hadi" na "mpaka" zetu zinabeba maana mbili ambazo Kiingereza kimezitenga kabisa.

Mnunuzi akiandika "Send the dagaa by Friday", anataka mzigo mmoja, uwe umeshatumwa kabla Ijumaa haijapita. Unaweza kuutuma Jumatano, hana neno. Akiandika "Send dagaa until Friday", anataka uendelee kutuma, leo, kesho na keshokutwa, kisha Ijumaa usimamishe. Ukichanganya, mmoja anangoja malori kila siku na mwingine amefunga stoo.

Kipimo chake ni chepesi. Weka "iwe imeshafanyika" kwenye sentensi yako. Ikikaa vizuri, ni "by". Weka "endelea". Ikikaa vizuri, ni "until". Kulipa, kumaliza, kufika na kutuma hupenda "by". Kungoja, kukaa, kulala na kufanya kazi hupenda "until". Kwenye ukanushi angalia zaidi: "The office will not open until Monday" maana yake itafunguliwa Jumatatu. "The office will not be open by Monday" maana yake hata ikifika Jumatatu bado itakuwa imefungwa.

Vihusishi vingine vya wakati havina utata mkubwa. Saa ni "at", siku na tarehe ni "on", mwezi na mwaka ni "in". "The bridge at Kigongo was opened by President Samia Suluhu Hassan on 19 June 2025." Ukiondoa tarehe 19, "on" inageuka "in". Asubuhi ni "in the morning", usiku ni "at night", hilo ni la kukariri. "In two hours" kwa nahodha ni baada ya saa mbili kupita. Kama unataka kusema ndani ya saa mbili, tumia "within", na kwa muda wa saa mbili ni "for".

Je, "by Friday" inahesabu Ijumaa yenyewe? Kwa kawaida ndiyo, lakini wapo wanaobishana, na kwenye biashara ubishi ni hasara. Taja saa. Na ukitaja saa, ihesabu kizungu kabla ya kuandika, kwa sababu saa kumi na moja jioni ya Kirumba ni "5 p.m.", na anayeandika "11 p.m." amesogeza mzigo wake kwa saa sita. Ujumbe unaofaa kutumwa ni huu: "We will deliver 200 kilos of dagaa at Kirumba by 5 p.m. on Friday. Our store is open until 6 p.m."